Kitambaa cha Jumatatu

Ijumaa ile Mama Mkubwa Asumini aliingia ofisini kwangu bila hodi, akatua kreti la chupa juu ya meza, juu ya karatasi zangu, nusura juu ya chai yangu, akaniambia nitazame kazi ya kiwanda chetu. Chetu! Mimi si mtu wa kiwanda. Mimi ni Shuhuda wa Maji, nimechaguliwa na Bonde zima la Mzumbwe, na ofisi yangu iko ndani ya uzio wa kiwanda kwa sababu lango la mfereji liko ndani ya uzio wa kiwanda. Nimechoka kulieleza jambo hilo. Lakini Mama Mkubwa hakuja kusikiliza maelezo.

Chupa zilikuwa kumi na tisa, zote za achari yake ya karoti. Achari ile inajulikana kuanzia kwetu bondeni mpaka Morogoro mjini, ni ya njano ya haradali na ukiifungua pilipili inakupiga puani. Hizi zilikuwa nyekundu inayoelekea zambarau, rangi kabisa ya kanga ya harusi. Wateja walikuwa wamezirudisha zote kwa siku moja, wakamwambia mbele ya watu kwamba ametia rangi ya nguo kwenye chakula.

Nikacheka. Mama Mkubwa ni dada wa marehemu mama, amenilea tangu nina miaka sita, na si mtu wa kuchekwa. Akanitazama mpaka kicheko kikanikauka, halafu nikamwuliza kwa adabu ametia nini humo. Akataja: karoti, ndimu, haradali, pilipili, vitunguu saumu. Na ile chumvi. Chumvi ipi? Ile ya waridi wanayotumia wauza soseji ili nyama isioze. Ameanza kuitumia miezi miwili iliyopita, maana joto la siku hizi linaharibu chupa kabla hazijafika mjini.

Hapo nikainua chupa moja, nikaitazama tena ile rangi.

Ngoja nieleze, kwa sababu baadaye wapo waliosema nilifanya mazingaombwe. Rangi ya nguo ni vipande vya kemikali vilivyofungwa pamoja kwa fundo, na fundo hilo ndilo macho yanaliona kama rangi. Ukilikata, rangi inapotea. Vipande vyenyewe haviendi popote. Vinabaki majini, havina rangi, havina harufu, na mtu akivila muda mrefu vinamletea uvimbe kwenye kibofu. Kuvinasa kuna njia ya zamani kuliko bibi yangu: asidi, chumvi ya soseji, na kitu cha kushikana nacho. Vipande vinafungana upya na rangi inarudi. Nilifundishwa hivyo chuoni, nikafanya mtihani, nikasahau. Mama Mkubwa alikuwa amerudia jaribio lile lile jikoni kwake, kwa ndimu na haradali, bila kujua jina lake.

Kwa maneno mengine, karoti zake zilikuwa zimejaa rangi iliyokatwa.

Nilimwachia chai yangu, nikachukua ufunguo wa ukaguzi. Sheria inanipa ufunguo huo niingie mahali popote kiwandani, saa yoyote. Nakiri kwamba nilikuwa sijautumia kwa zaidi ya mwaka.

*

Kiwanda cha Nyuzi Saba kinafuma kanga baridi, ile nguo inayomeza joto la mwili. Hakuna anayethubutu kutembea juani saa sita bila kujitanda kanga baridi, kuanzia hapa mpaka Kairo, kwa hiyo mashine hazilali. Mto wetu ulikauka nikiwa darasa la tatu. Maji yote ya bonde yanatoka kwenye kisima kimoja chenye kina cha mita mia nne, na Sheria ya Maji Mara Mbili inasema hakuna tone litakalotumika mara moja tu. Kiwanda kinapaka rangi, kinasafisha maji, kinayatoa mferejini, wakulima wanamwagilia. Mkulima akikosa, kiwanda nacho kinakosa. Kisima kina kufuli lake huko chini, na kufuli hilo halina mtu wa kulihonga.

Usafishaji una mabwawa mawili. La kwanza limefunikwa turubai nene jeusi, halina hewa wala mwanga, na humo wanaishi Walaji, vijidudu vilivyofugwa ili kukata mafundo ya rangi. Nilipita juu yake kwenye daraja la chuma. Harufu ya mayai viza ilinipokea kama kawaida, maana yake Walaji wazima. Maji yaliingia yakiwa mekundu na kutoka upande wa pili yakiwa meupe. Mgeni angekinga mikono akanywa.

Bwawa la pili liko ndani ya jumba la vioo. Humo wanaishi Wamalizaji, na kazi yao ni kula vipande walivyovibakiza Walaji. Wao bila hewa hawaishi, kwa hiyo kuna mabomba manane ya kupuliza usiku na mchana. Zamani mngurumo wake ulisikika mpaka shuleni. Tangu zije mashine mpya za kufumia, kiwanda kizima kinanguruma, na mimi sikuwahi kujiuliza ni nini kinanguruma.

Nikafungua mlango. Kimya. Maji yalilala yametulia, hayana povu hata moja. Kwenye mdomo wa bomba la kwanza nyigu walikuwa wamejenga nyumba za udongo, la pili vilevile, la tatu walishahama wakaacha magofu. Nyigu hawajengi penye upepo. Ukutani paliningʼinia kadi ya zamu, na mstari wa mwisho ulikuwa wa miezi kumi na minne iliyopita. Nikachota tope la chini kwa upawa. Wamalizaji wakiwa hai wana rangi ya kahawia kama maji ya ukwaju, hawa walikuwa weusi na wananuka kaburi.

Nikakinga maji ya kutokea kwenye bilauri, nikaweka dawa zangu. Sikufika kuhesabu kumi, maji yakawa mekundu.

Niseme ukweli, nilitukana. Nilitukana peke yangu humo ndani kwa Kiluguru na Kiswahili, matusi ambayo sijayatumia tangu tupeane talaka na baba Tunu. Miezi kumi na minne! Kila Jumatatu nimeweka kidole gumba changu kwenye lango, na lango limefunguka kwa kidole changu.

*

Mhandisi Rwezaura, meneja wa Nyuzi Saba, ni mtu wa heshima zake. Alinyanyuka nilipoingia, akanivutia kiti, akanimiminia maji ya chupa iliyofungwa, yaliyotoka mbali. Nikayatazama maji yale, nikayaacha pale pale.

Hakukana neno. Alieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto kwa nini hatapata viatu vipya. Mwaka jana wapaka rangi wawili walianguka kwa joto, mmoja hakuamka. Ikabidi umeme utafutwe wa kupoza ukumbi wao, na mabomba ya bwawa la pili yalikuwa yanakula robo ya umeme wote. Nikamwuliza mashine mpya arobaini za kufumia zinatumia umeme wa nani. Akasema hizo ni ajira.

Nikamwambia hana haki ya kufungua maji yale. Akanijibu kwa sauti ile ile ya upole.

"Kipimo cha kisheria ni weupe wa kitambaa. Sikukiandika mimi, Bi Sikudhani. Umekiandika wewe."

Damu ilinichemka, na zaidi kwa sababu alisema kweli.

Miaka sita nyuma, mtambo unaoitwa Mwonjaji ulipofungwa langoni, wakulima waliukataa. Ulikuwa na ulimi wa dhahabu, mwembamba kuliko ganda la kitunguu, unaoonja sumu mia moja na kumi na mbili na kutoa namba. Nani bondeni anataka namba? Sisi ni watu wa kiwanda cha nguo vizazi vitatu. Kwetu mwanamke akinunua kanga mpya anailoweka kwa maji ya chumvi, anaikamulia juu ya bafta nyeupe, na bafta ikibaki nyeupe kanga ni nzuri, haichuji. Kwetu uchafu ni rangi, na kisichochuja ni kisafi. Hivyo ndivyo tulivyokuzwa, nami nikiwa na cheti changu kipya na kichwa kimenivimba, nikaona nimepata dawa. Nikawaambia: kila Jumatatu tutachovya bafta mferejini mbele ya watu wote, tuianike jua likiwaka, ikikauka nyeupe tunafungua. Walinipigia vigelegele. Nikaufundisha Mwonjaji kutazama kitambaa, ili mtambo na watu waseme neno moja.

Ulimi wa dhahabu ulipokufa, kiwanda kikaandika barua kwamba kipimo cha kitambaa kimekwisha ridhiwa na jamii na kinatosha. Mimi nikatia sahihi. Nilidhani ni mpaka ulimi mwingine uje. Zamani rangi ilikuwa ikituonya yenyewe, tukiona maji mekundu tunafunga na kila mtu anajua kwa nini. Tukalifuta lile onyo kwa mikono yetu tukaliita usafi.

Mhandisi aliniacha nimeze yote hayo, ndipo akanionyesha nilipokwama. Kuwafuga Wamalizaji wapya ni siku arobaini, hata akiwasha mabomba leo. Karoti za bonde zimebakiza siku kumi na moja zikomae. Nisipofungua lango Jumatatu kabla ya saa nane mchana, kufuli la kisima litajifunga lenyewe, na halifunguki mpaka Wizara itume watu wake, miezi mitatu ikienda vizuri. Kiwanda kitasimama, na bonde litakauka pamoja nacho. Kaya mia tatu. Aliahidi atawasha mabomba leo leo, mbele yangu. Alichoomba ni siku arobaini za kidole changu.

Nilipofika mlangoni akanikumbusha, bado kwa upole, kwamba sheria inampa nafasi Shuhuda wa Pili, aliyechaguliwa na wakulima wenyewe, iwapo wa kwanza atakataa. Sikuhitaji kukumbushwa. Shuhuda wa Pili ni Mama Mkubwa Asumini.

*

Jumapili nikaenda kwake mimi na binti yangu Tunu. Nilitaka asikie kwangu kabla hajasikia kwa mwingine. Nilijipanga njia nzima namna ya kumwambia mwanamke wa miaka sitini na minane kwamba amekuwa akila sumu, na kwamba mlango wa sumu hiyo umefunguliwa na mimi aliyenisomesha.

Alikuwa anapika. Tunu akatupa viatu akakimbilia nyuma ya nyumba kutafuta vifaranga, nami nikamfuata kumzuia asiingie shambani. Nyuma ya choo, palipokuwa pa kumwagia majivu, nikakuta kitalu kidogo kimezungushiwa fito. Karoti mistari mitatu, mchicha, nyanya chungu. Juu yake ametandaza wavu wa kukinga umande, na chini ya wavu dumu. Udongo ulikuwa umelowa. Mfereji haufiki pale.

Nikasimama nikitazama kitalu kile kwa muda. Mama Mkubwa akatoka na mwiko mkononi, akaniona ninapotazama, naye akasimama.

Nikamwuliza tangu lini. Akajibu tangu mwaka jana, mbuzi walipokataa maji ya mfereji. Walikuwa wanayaendea, wananusa, wanarudi. Kwanza alikuwa Mzee Mloka, mwenyekiti wa wakulima, aliyejitengea kitalu cha umande, halafu jirani yake, halafu wote. Hakukuwa na mkutano. Kila mtu aliona wavu kwa mwenzake, akanunua wake, na hakuna aliyemwuliza mwenzake. Za mferejini ni za kuuza, za umande ni za nyumbani.

Mimi naishi nyumba za watumishi, ndani ya uzio, sina hata kopo la kupandia bizari. Karoti zangu nanunua sokoni. Nilimwuliza Mama Mkubwa kama aliwahi kufikiri mimi na Tunu tunakula nini.

"Nilidhani ninyi wa kiwandani mna yenu, mwanangu," akasema.

Alisema hivyo na uso wake ulikuwa wazi kabisa, hakuficha kitu. Kweli alidhani. Na mimi nilidhani wao wanakula za mferejini kwa furaha kwa kuwa kitambaa ni cheupe. Sote tulikuwa tunapokezana mwiko mmoja na kila mtu anaamini mwenzake ameonja.

Nilikuwa nimekuja kuomba radhi. Badala yake nikampigia kelele. Nikamwambia walijua. Mbuzi walijua, wao wakajua, wakapakia magunia wakapeleka mjini kwa watoto wa watu, na bado kila Jumatatu wakija kukaa kivulini kutazama bafta inavyokauka, wakipiga makofi. Akaniuliza kwa utulivu Shuhuda ni nani kati yetu. Tukala ugali ule, na Tunu peke yake ndiye aliyesifia mchicha.

*

Jumatatu saa tatu asubuhi walikuwepo wote langoni, zaidi ya siku za kawaida, maana habari ilishatembea. Mhandisi Rwezaura alikuja na shati lake la kanga baridi, akapewa kiti. Mzee Mloka akasimama karibu na mfereji na fimbo yake. Mabomba ya bwawa la pili yalikuwa yananguruma tangu Ijumaa jioni. Alitimiza ahadi, lazima niseme.

Sikuchovya bafta kavu. Niliiloweka kwanza kwenye beseni la ndimu, chumvi ya waridi na haradali, mbele yao, nikataja kila ninachotia ili asije mtu akasema nimeficha kitu. Kisha nikaishusha mferejini, kwenye maji meupe yanayometa, nikahesabu kwa sauti. Nilipoiinua ilikuwa na madoa ya waridi. Nikaianika kwenye kamba. Madoa yakakua, yakashikana, na kabla jua halijaipiga vizuri bafta nzima ikawa nyekundu.

Hakuna aliyeshangaa. Hilo ndilo lililonitoa machozi, si kitambaa. Watu mia na zaidi waliitazama kama wanaotazama nguo ya jirani iliyoanikwa. Mama mmoja akafunga vizuri mbeleko ya mtoto wake, basi.

Nikaeleza yote, bwawa lililokufa, vipande, uvimbe wa kibofu, sahihi yangu. Sikujitetea. Mhandisi akapewa nafasi, naye akaeleza siku arobaini, na kufuli, na siku kumi na moja za karoti. Alikuwa mkweli kuliko nilivyotaka awe. Mzee Mloka akauliza nani anataka maji yafunguliwe. Mikono ikanyanyuka, michache mwanzoni, halafu msitu.

Nikawaambia sawa, mmepiga kura, lakini wenye kula hizi karoti hawako hapa kupiga kura. Wako sokoni na vikapu vyao. Hawana wavu wa umande, hawana mbuzi wa kuwaambia. Sikuwa nimewahi kutaja nyavu zile hadharani, na nilipozitaja macho mengi yaliangalia chini. Mloka hakuangalia chini.

"Wewe binti," akasema, "umetulisha kitambaa miaka sita. Leo usitufundishe haya."

Nikaweka mikono yangu miwili nyuma ya mgongo, nikasema sifungui. Siku arobaini wala siku moja. Zikaanza kelele. Wapo walioniita msaliti, wapo waliouliza watoto wao watavaa nini shuleni, na hao nawaelewa, swali lao lilikuwa la haki na sikuwa na cha kuwapa. Mhandisi alibaki kitini. Alimtazama tu Mama Mkubwa Asumini, na taratibu watu wote nao wakamtazama.

Alikuwa amekaa mbele, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akanyanyuka, akajifuta kidole gumba kwenye kanga, akaja hadi kwenye kioo cha lango. Kidole kile hakijawahi kuhitajika. Watu wakampisha. Shamba lake lilikuwa pale pale, upande wa pili wa mfereji, matuta ishirini na mawili ya karoti, na kila mmoja alijua kwamba nyumba yake inasimama kwa karoti zile na achari ile.

Alisimama nimemkaribia kiasi cha kusikia pumzi yake. Hakunitazama. Akaniuliza kwa sauti ya chini, ya kwetu wawili.

"Tunu amekula kwa muda gani?"

Nikamwambia miezi yote. Kila siku ya shule namkatia karoti mbili kwenye mkebe wake, kwa kuwa nilisikia zinafaa kwa macho.

Akabaki vile vile, kidole hewani, nusu shubiri kutoka kwenye kioo. Mloka akamwita jina. Mama Mkubwa akageuka akawaangalia watu, na nilidhani atahutubia, kwa kuwa maneno hayampigi chenga. Hakuhutubia. Akafunga kanga yake kiunoni, akavuka kidaraja, akaingia shambani kwake, akainama na kungʼoa karoti ya kwanza ya tuta la kwanza. Akaitupa njiani. Akangʼoa ya pili.

Nikamfuata. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Tulingʼoa tukirudi nyuma, kila mtu na tuta lake. Karoti zilikuwa nzuri, hilo ndilo la kuudhi. Zilikuwa nene, laini, hazina hata kovu.

Saa nane kisima kilijifunga. Ulisikika mlio mmoja chini ya miguu, mzito, halafu kiwanda chote, ambacho sikuwahi kukisikia kikinyamaza, kikanyamaza. Mhandisi alisimama langoni ameshika kiuno. Tulikuwa tumengʼoa matuta manne.

Ndipo nilipoona wengine nao wameinama. Bonde zima, huku na kule, watu wanangʼoa karoti zao. Nikajidanganya kwa muda mfupi sana, nikafikiri wametuelewa, moyo ukanipaa. Halafu nikaona magunia. Walikuwa wanazitia kwenye magunia, changa hivyo hivyo, kwa haraka, na mkokoteni wa kwanza wa Mzee Mloka ulikuwa umekwisha jaa na umeshageuzwa kuelekea barabara ya mjini.

Njia ya mikokoteni inapita katikati ya shamba la Mama Mkubwa. Alitoa mwenyewe kipande kile, miaka mingi nyuma, ili wenzake wasizunguke. Hakuna njia nyingine yenye kubeba magurudumu.

Alinyoosha mgongo, akakunguta udongo, akaenda kusimama kwenye rundo letu katikati ya njia. Kisha akaketi juu yake, akakunja miguu kama aliyefika msibani, akavuta kanga kichwani. Mloka akaja na mkokoteni mpaka hatua tatu kutoka alipokaa. Nyuma yake ilikuja mingine, mitano, sita, sikuhesabu. Akamwomba apishe. Akamkumbusha ujirani wao, akamkumbusha mazishi ya mumewe na nani alichimba. Vyote vilikuwa kweli.

"Pita," Mama Mkubwa akamwambia. "Mimi sitanyanyuka. Pita juu yangu, umfikie huyo mtoto wa mjini unayemwendea."

Mloka hakusogea, wala hakurudi nyuma. Jua lilikuwa limewiva, na watu waliokuwa nyuma walianza kumpigia kelele asukume, asukume tu, atatoka. Nikaenda nikaketi kando ya Mama Mkubwa juu ya karoti, bega kwa bega, tukakaa tukiwatazama majirani zetu na kusubiri tuone nani kati yao atakuwa wa kwanza kutukanyaga.